Kilo ya Maji

Mkorosho haunyooki. Tulizunguka uwanja mzima wa shule
tukitafuta tawi la mita moja lisilo na kiburi,
tukakosa,
hadi Nang'uto akaja na papi kutoka karakana ya mjomba wake,
imepigwa randa upande mmoja tu.

Kitabu kinasema: chukua mizani ya maabara.
Kitabu hakijawahi kufika Mahuta.

Tukaitoboa katikati, tukaining'iniza kwenye kenchi
kwa kamba ya manila na msumari wa nchi nne.
Ikalala upande. Somoe akabandika udongo
kwenye ncha nyepesi, chembe kwa chembe, ulimi nje,
mpaka papi ikatulia
kama mtu aliyekumbuka jina.

Sasa mawe ya mizani. Hatuna.
Tuna maji, yaani, tunanunua maji;
dumu linapanda kutoka bondeni kwa pikipiki
na bei yake kila mtoto anaijua kabla ya jedwali la mbili.
Lita moja, nikawaambia, ni kilo moja.
Wakaguna. Maji yana kilo?
Ziulizeni shingo zenu, nikasema,
na darasa likacheka, wasichana zaidi.

Ilikuwa Novemba, mabibo yanachacha hadi madirishani.
Kila mmoja alileta cha kupima:
ndala, jembe lisilo na mpini, muhogo wenye mchanga wake.
Somoe alileta korosho kwenye mfuko wa rambo.
"Bakuli moja," akasema. "Kwa bakuli lile."
Hakuna aliyeuliza lipi.
Lile la bati la buluu, linalopita mlango kwa mlango
jioni, kabla chama hakijafungua ghala,
likajazwa mpaka kilele, likaitwa kilo.

Chipwaza alitazama nje.
Bakuli lile ni la baba yake.

Mfuko: sentimita ishirini kutoka kwenye egemeo.
Chupa: sogeza. Sogeza. Ishirini na tano, bado.
Thelathini.
Papi ikalala sawa.
Chaki ikafanya kazi yake, hakuna aliyekohoa:
thelathini gawanya kwa ishirini.
Moja na nusu.

"Rudia," Chipwaza akasema. "Kamba imeteleza."

Ni neno zuri, rudia. Nimelingoja tangu Januari,
ila si kwa sauti ile.
Akafunga mwenyewe, fundo juu ya fundo,
akapima kwa rula yake,
akainama mpaka jicho likawa usawa wa papi.
Thelathini.
Akafungua, akafunga tena.
Thelathini.

Sikusema kitu. Uraia una mwalimu wake.
Kipindi changu kilikuwa cha nyenzo, na ubaoni paliandikwa
egemeo, mzigo, jitihada.
Ringi ya lori ikagongwa, tukafungua kipimo, tukakinywa:
kilo moja ya maji, vinywa arobaini na viwili,
funda moja moja.
Chipwaza alikunywa wa mwisho.

Jumatatu papi haikuwapo kwenye kona yake.
Sikuuliza.
Alhamisi ikarudi. Kando ya tundu letu
palikuwa na tundu jingine, upana wa kidole kutoka katikati,
unga wa mbao bado mweupe ndani yake.

Alisimama mlangoni, chupa mkononi.
"Mwalimu, mtu akiitundika kwa tundu hili,
akabandika udongo ncha ile mpaka ilale sawa,
atajulikanaje?"

"Sijui," nikasema, na nilikuwa najua.
"Itundike."

Akaitundika. Korosho ncha hii, chupa ncha ile.
Ikalala sawa, mwongo mtulivu.
Akaitazama muda wa chai kuchemka.
Kisha, bila kuambiwa,
akabadili pande.